Namba Kubwa Ifungue Mwenyewe

Namba 61,741,120 inatuhusu sote. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa Tanzania katika Sensa ya Watu na Makazi ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan aliitangaza Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo. Aliyelala Ndanda usiku ule yumo ndani yake. Aliyelala Masasi mjini yumo, na aliyelala Newala kule juu ya uwanda wa Makonde yumo pia. Lakini ukiuliza namba yenyewe ni ngapi, wengi watakujibu, "milioni sitini na moja na ushee." Ushee huo ni watu laki saba na elfu arobaini na moja, na mia na ishirini juu yake. Ni watu wengi mno kuachwa nje ya hesabu.

Mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kuihakiki namba kubwa ya namna hii, kisha kuifungua mpaka uone imejengwa kwa namba zipi. Andaa kalamu na kaunta buku, na kumbuka kugawanya ulikofundishwa shule ya msingi. Kikokotoo cha simu kiache mfukoni kwa sasa. Kikokotoo kinakupa jibu, ila hakikuonyeshi njia, na mtu asiyeijua njia hawezi kugundua pale jibu linapokuwa la uongo.

Anza na uhakiki

Usifungue namba kabla ya kujua kama imeandikwa sawasawa. Sensa ya 2022 ilitoa idadi ya Tanzania Bara, watu 59,851,347, na ya Zanzibar, watu 1,889,773. Jumla yake iwe 61,741,120. Unaweza kujumlisha upya safu kwa safu, na hilo ni jema, lakini ipo njia fupi ambayo wahasibu wa zamani waliitegemea kabla ya mashine: kutupa tisa.

Jumlisha tarakimu za namba mpaka ubaki na tarakimu moja. Ya Bara: 5+9+8+5+1+3+4+7 ni 42, na 4+2 ni 6. Ya Zanzibar: 1+8+8+9+7+7+3 ni 43, na 4+3 ni 7. Sasa 6 na 7 ni 13, na 1+3 ni 4. Rudi kwenye jumla kuu: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, na 2+2 ni 4. Zimelingana.

Fanya vivyo hivyo kwa wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Utapata 6 na 7 tena, na jumla yake 4 tena. Kurudia kwa 6 na 7 ni sadfa tu. Kukutana kwenye 4 si sadfa, ni lazima.

Kwa nini njia hii inafanya kazi? Kwa sababu 10 ni 9 na moja juu, 100 ni 99 na moja juu, 1,000 ni 999 na moja juu, na kuendelea. Tarakimu yoyote, ikae kwenye makumi au kwenye mamilioni, ukiigawa thamani yake kwa 9 inaacha baki sawa na tarakimu yenyewe (9 huhesabiwa sawa na sifuri). Kwa hiyo unapojumlisha tarakimu, kwa kweli unatafuta baki la namba nzima baada ya kuigawa kwa 9, bila kugawa chochote.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa, na lazima uujue kabla hujaitegemea. Haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Karani akiandika 61,471,120 badala ya 61,741,120, tarakimu ni zile zile na jumla ni ile ile 22, kumbe amewapoteza watu 270,000. Na kubadilisha nafasi ndilo kosa la mkono linalotokea kila siku, hasa mtu akinakili orodha ndefu jioni akiwa amechoka.

Dawa yake ni 11. Anza na tarakimu ya mwisho kulia, ongeza moja, toa inayofuata, ongeza, toa, mpaka umalize. Kwa 61,741,120 ni 0−2+1−1+4−7+1−6, jibu ni hasi 10. Jibu likiwa hasi ongeza 11, unapata 1. Hilo ndilo baki la namba yetu ukiigawa kwa 11. Sasa ijaribu ile iliyokosewa, 61,471,120: 0−2+1−1+7−4+1−6 ni hasi 4, ukiongeza 11 unapata 7. Saba si moja, kosa limeonekana. Bara inatoa 6, Zanzibar inatoa hasi 5 ambayo ni 6, jumla 12, toa 11, inabaki 1. Hesabu imesimama.

Tisa na kumi na moja zikitumika pamoja, makosa machache sana ya kalamu yatakupita. Zizoee mpaka uzifanye kichwani.

Ghalani

Hapa kwetu namba kubwa haikai kwenye matangazo ya Dodoma peke yake. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), unapimwa, unaenda ghala kuu chini ya chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, mnada unafanyika, halafu fedha inashuka kwa mkulima. Katikati ya mzani na fedha kuna karatasi nyingi, na kila karatasi ni nafasi ya tarakimu kuteleza.

Chukua bei inayokumbukwa na kila mtu huku, shilingi 3,300 kwa kilo, bei ambayo serikali ilitangaza Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho yenyewe. Tuseme mkulima alipeleka kilo 1,274. Malipo kabla ya makato ni 1,274 mara 3,300, yaani 4,204,200. Hakiki kwa tisa: 1+2+7+4 ni 14, ambayo ni 5. Bei, 3+3, ni 6. Safari hii unazidisha kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya kuzidisha: 5 mara 6 ni 30, ambayo ni 3. Malipo: 4+2+0+4+2+0+0 ni 12, ambayo ni 3. Sawa.

Sasa tazama kwa makini. Kama karatasi ingeandikwa 4,240,200, mkulima angefurahi kwa shilingi 36,000 zisizo zake, na tisa isingesema kitu kwa sababu jumla ya tarakimu bado ni 12. Lakini 3,300 inagawanyika kwa 11. Maana yake, kilo zikiwa nzima bila gramu, malipo yoyote ya bei ile kabla ya makato lazima nayo yagawanyike kwa 11, iwe mzigo ni gunia moja au lori zima. Pima 4,204,200: 0−0+2−4+0−2+4 ni sifuri. Sawa. Pima 4,240,200: 0−0+2−0+4−2+4 ni 8. Imekataa hapo hapo, hata kabla hujaangalia kilo.

Hii ndiyo faida ya kuifungua bei kabla ya msimu kuanza. 3,300 ni 2×2×3×5×5×11. Kwa hiyo malipo yake lazima yaishie na sifuri mbili, jumla ya tarakimu zake igawanyike kwa 3, na kipimo cha 11 kitoe sifuri au kigawe cha 11. Bei ya mnada ikitangazwa kila wiki, katibu wa AMCOS anaweza kuifungua kwa dakika mbili na kuandika alama zake ubaoni, na mwanachama yeyote akapima karatasi yake mwenyewe akiwa amesimama kwenye foleni. Mimi naona jambo hili lingefaa kufundishwa kwenye mikutano ya wanachama kuliko mambo mengi yanayosemwa pale. Mwenye kujipimia karatasi hababaishwi na karani, na karani mwaminifu naye anapata mashahidi.

Kuifungua namba ya sensa

Sasa turudi kwenye 61,741,120 tuifungue. Kufungua namba ni kutafuta vigawo vyake tasa, yaani zile namba zisizogawanyika kwa kingine chochote ila 1 na zenyewe, ambazo zikizidishwa pamoja zinairudisha namba kamili. Kila namba nzima inayozidi 1 ina orodha moja tu ya vigawo tasa. Anza upande wowote, gawa kwa mpangilio wowote, orodha itakuwa ile ile. Huu ni ukweli uliothibitishwa, na ndio unaofanya kazi hii iwe na maana.

Namba inaishia na sifuri, kwa hiyo ni shufwa, na njia rahisi ni kupiga nusu mpaka ikatae: 30,870,560, halafu 15,435,280, halafu 7,717,640, halafu 3,858,820, halafu 1,929,410, halafu 964,705. Hapo ni witiri, simama. Umepiga nusu mara sita, na 2 ikizidishwa yenyewe mara sita ni 64. Mcheza bao atalitambua hilo mara moja, kwa kuwa kete za bao ni 64. Ukiwapanga watu wote wa sensa ile makundi ya watu 64 kama kete za bao moja, unapata makundi 964,705 na hakuna mtu hata mmoja anayebaki nje.

Hiyo 964,705 inaishia na 5. Gawa kwa 5, unapata 192,941.

Je, inagawanyika kwa 3? Jumla ya tarakimu ni 26, hapana. Kwa 7? Wengi huogopa 7, kwa kuwa shuleni hatukupewa kanuni yake. Ipo, na ni nzuri kwa namba kubwa kwa sababu inapima 7, 11 na 13 kwa pigo moja. Zizidishe hizo tatu pamoja: 7×11×13 ni 1,001. Kwa kuwa 1,000 imepungukiwa moja tu kufika 1,001, unaweza kuikata namba vipande vya tarakimu tatu tatu, kama tunavyoziandika kwa mkato, halafu ukaongeza na kutoa kwa kupishana kuanzia kulia. Kwa namba yetu nzima: 120−741+61 ni hasi 560. Sasa shughulika na 560 tu. Inagawanyika kwa 7, mara 80. Kwa 11 inabaki 10, hapana. Kwa 13 inabaki 1, hapana. Namba ya watu milioni sitini imepimwa kwa namba tatu tasa ndani ya mstari mmoja.

Hiyo 7 haimo kwenye 64 wala kwenye 5 tulizokwisha kutoa, kwa hiyo imo ndani ya 192,941. Gawa 192,941 kwa 7, unapata 27,563.

Kuanzia hapa hakuna njia ya mkato ya kukuokoa, ni subira. Lakini subira ina mpaka wake. Kama 27,563 ina vigawo, kimojawapo lazima kisizidi kipeuo chake cha pili, kwa maana vyote viwili vikizidi, zao lao litapita namba yenyewe. 166 mara 166 ni 27,556, kwa hiyo hutakiwi kuvuka 166. Jaribu namba tasa moja moja. Kwa 7 tena, inabaki 4. Kwa 11 na 13 ulishapima. Kwa 17 inabaki 6, kwa 19 inabaki 13, kwa 23 inabaki 9, kwa 29 inabaki 13, kwa 31 inabaki 4, kwa 37 inabaki 35, kwa 41 inabaki 11. Usichoke. Kwa 43: 43 mara 640 ni 27,520, bado 43, na hiyo ni moja zaidi. Inagawanyika, jibu ni 641.

Je, 641 ni tasa? 25 mara 25 ni 625 na 26 mara 26 ni 676, kwa hiyo pima namba tasa mpaka 23 tu. Zote zinaacha baki. Ni tasa.

Basi namba ya sensa imefunguka: 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641. Zizidishe uone: 64×5 ni 320, ×7 ni 2,240, ×43 ni 96,320, ×641 ni 61,741,120.

Hiyo 641

Aliyesoma historia ya hesabu akiiona 641 hupata mshtuko mzuri. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba zinazopatikana ukiizidisha 2 yenyewe mara 1, mara 2, mara 4, mara 8, mara 16 na kuendelea kwa mtindo huo, kila moja ukiiongezea 1. Alipata 3 kwanza, kisha 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Akaamini kwamba zote zinazofuata zitakuwa tasa. Inayofuata ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 32, ongeza 1: 4,294,967,297. Hakuna aliyeifungua kwa karibu miaka mia moja.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, aliifungua: 641 mara 6,700,417. Hakupapasa gizani. Alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba ile lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezewa 1. Ukiziandika namba tasa za aina hiyo unapata 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo.

Unaweza kumhakiki Euler mwenyewe bila kuandika ile namba ya tarakimu kumi. Ukiizidisha 2 yenyewe mara nane unapata 256. Mara kumi na sita ni 256 mara 256, yaani 65,536. Ukiigawa kwa 641 inaenda 102 na inabaki 154. Mara thelathini na mbili ni baki hilo likizidishwa lenyewe: 154 mara 154 ni 23,716. Sasa 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua moja! Ongeza ile 1 ya Fermat, na imetimia. Kila hatua hapa ni hesabu ya mtoto wa darasa la sita, na imebomoa imani ya mmoja wa wanahisabati wakubwa waliowahi kuishi. Mwalimu wa Ndanda au Chiungutwa akilionyesha hili ubaoni hatua kwa hatua, wanafunzi wake hawatalisahau.

Lakini mtu asije akakwambia kwamba idadi ya Watanzania ina siri kwa kuwa 641 imo ndani yake. Mtoto mmoja zaidi angezaliwa usiku ule kabla ya saa sita, na namba ingekuwa witiri, na vigawo vyake vingekuwa vingine kabisa. Tabia za namba ni za namba. Idadi ya watu ni ya watu.

Vigawo vyote

Ukishapata vigawo tasa, unaweza kuhesabu vigawo vyote bila kuviandika. Kila kigawo kinachagua kitachukua 2 ngapi: hakuna, moja, mbili, hadi sita, hizo ni njia 7. Kisha kinachagua kuchukua 5 au kuiacha, 7 au kuiacha, 43 au kuiacha, 641 au kuiacha. Kwa hiyo 7×2×2×2×2, vigawo 112. Kwa namba za ukubwa huu wastani ni karibu vigawo 19. Namba ya sensa yetu ni tajiri wa vigawo, inakubali kugawanywa sawasawa kwa njia nyingi kuliko majirani zake wengi.

Wayunani wa kale walikuwa na swali lingine: ukijumlisha vigawo vyote vya namba ukiiacha yenyewe, unapata nini? Ikitoka sawa na namba, ni timilifu, kama 6, ambayo ni 1+2+3, au 28. Ikipungua, ni pungufu. Ikizidi, ni zidifu. Kwa namba yetu, jumla ya vigawo vyote inapatikana kwa kuzidisha 127 (ambayo ni 1+2+4+8+16+32+64) kwa 6, kwa 8, kwa 44 na kwa 642. Jibu ni 172,199,808. Toa namba yenyewe, inabaki 110,458,688, ambayo inaipita kwa mbali. Ni zidifu.

Hata hivyo ungeweza kulijua hilo bila kazi yote hii, kwa kuangalia tarakimu mbili za mwisho. Namba inayoishia na 20 ni kigawe cha 20. Na 20 yenyewe ni zidifu, kwa kuwa 1+2+4+5+10 ni 22. Kigawe chochote cha namba zidifu nacho ni zidifu. Kujua njia ndefu ni vizuri, lakini kuijua sababu kunakuokolea karatasi.

Tarakimu nne za mwanzo

Tarakimu nne za kwanza za 61,741,120 ni 6174, na hizo zina habari zao. D. R. Kaprekar alikuwa mwalimu wa shule nchini India, mtu asiye na cheo cha chuo kikuu, aliyependa namba maisha yake yote. Mwaka 1949 alieleza jambo hili: chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kutoka ndogo hadi kubwa, toa ya pili kwenye ya kwanza, halafu rudia kwa jibu ulilopata. Ndani ya hatua zisizozidi saba utafika 6174, na hapo hutoki tena, maana 7641−1467 ni 6174.

Jaribu na 1906, mwaka ambao wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda. 9610−0169 ni 9441. 9441−1449 ni 7992. 9972−2799 ni 7173. 7731−1377 ni 6354. 6543−3456 ni 3087. 8730−0378 ni 8352. 8532−2358 ni 6174. Imetumia hatua zote saba. Mwaka 1961, wa uhuru wa Tanganyika, nao unatumia saba. Ufanye na watoto nyumbani. Usisahau kuandika sifuri ya mbele, hapo ndipo wengi huharibu.

Namba zinazokulinda

Kutupa tisa na kumi na moja si mambo ya zamani yaliyokwisha. Chukua bidhaa yoyote dukani yenye mistari myeusi ya kusomwa na mashine. Chini ya mistari kwa kawaida kuna tarakimu kumi na tatu, na zikianza na 620 namba hiyo imetolewa Tanzania. Tarakimu ya mwisho haisemi chochote kuhusu bidhaa. Kazi yake ni kulinda nyingine. Hesabu kutoka kushoto: jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, zilizo nafasi ya pili, ya nne na kuendelea jumlisha kisha zidisha kwa 3, unganisha. Jibu lazima liishie na sifuri. Kwa zoezi tumia namba ya kubuni 6201234567893: za nafasi witiri zinatoa 29, za nafasi shufwa zinatoa 27, mara 3 ni 81, jumla 110. Vitabu vina kinga ile ile kwenye namba yao ya kimataifa, ambayo kwa vingi vya Tanzania, baada ya 978, inafuatiwa na 9976 au 9987.

Na ile kazi ya kupapasa 17, 19, 23 mpaka 43 ndiyo inayolinda mawasiliano mengi ya siri duniani. Kuzidisha namba mbili tasa kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzitenganisha tena ni kazi ngumu mno. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga njia ya kuficha ujumbe juu ya ugumu huo, na bado inatumika. Namba ya majaribio ya tarakimu 250 ilifunguliwa mwaka 2020 tu, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Zinazotumika kulinda siri leo huwa na tarakimu zaidi ya 600. Yetu ya tarakimu nane tumeifungua kwa kalamu.

Zoezi lako

Chukua namba ya sensa iliyotangulia, ya 2012: watu 44,928,923. Bara walikuwa 43,625,354 na Zanzibar 1,303,569. Hakiki kwanza kwa tisa na kwa kumi na moja. Kisha ikate vipande vya tatu tatu: 923−928+44 ni 39. Kwa 7 inabaki 4, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 haibaki kitu. Gawa kwa 13, unapata 3,456,071.

Hiyo ndiyo ya kwako. Haigawanyiki kwa namba tasa yoyote iliyo chini ya 100. Anza na 101, kisha 103, 107, 109, uende hivyo ukiandika baki la kila moja pembeni ili usirudie. Kipeuo chake cha pili kipo kati ya 1,859 na 1,860, kwa hiyo ukifika 1,847, namba tasa ya mwisho kabla ya hapo, bila kupata kigawo, andika kwamba ni tasa na utie saini.